Pembe ndogo: mtoto, au aina nyingine?

SWALI: Nasikia majina kadhaa ya dinosaria wenye pembe yametiliwa shaka kwa sababu mafuvu yao yalikuwa ya watoto. Mtaalamu hutambuaje kuwa huyu ni mtoto, si aina nyingine yenye umbo dogo?

JIBU: Akiwa na wadogo peke yao, hatambui. Brachyceratops alipewa jina mwaka 1914 kwa mabaki ya Montana, Marekani, wote wachanga. Mkubwa wa kulinganisha naye hakuwepo, na hadi leo haijulikani ni watoto wa nani. Kinachosaidia ni tabaka la mifupa ambamo wakubwa kwa wadogo wa aina moja wamefukiwa pamoja. Pipestone Creek, Alberta, Kanada, ndiko Pachyrhinosaurus lakustai, dinosaria mwingine wa kundi hili, alikochimbwa kwa wingi, kuanzia 1986 hadi 1989.

Anza na pua. Kwa Centrosaurus mchanga, naye dinosaria mwenye pembe, pembe ya pua ni vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vinavyoungana kuanzia nchani kwenda chini. Pembe za juu ya macho hufanya kinyume cha unavyotarajia: kwa wakubwa wengi zimelika, pengine pamebaki vishimo tu. Pachyrhinosaurus naye huanza na kipembe puani, kisha kikageuka nundu pana. Kulabu za ukingo wa ngao ya shingo, yaani bapa la mfupa nyuma ya fuvu, hukamilika ukubwani, ndiyo maana watoto wa aina mbalimbali hufanana mno.

Kisha mulika mfupa kwa taa ya ubavuni. Wa mtoto una michirizi myembamba inayofuata upande wa ukuaji. Wa mkubwa una mikwaruzo, vishimo na mifereji ya mishipa. Mfupa uliosuguliwa na maji au kupasuliwa na jua, uweke kando, utakudanganya.

Umri wa miaka husomwa ndani. Muundi hukatwa katikati ya shina, si karibu na goti, kisha kipande husagwa hadi mwanga upenye, ndipo mistari ya msimu ukuaji uliposimama ihesabiwe. Tatizo ni uwazi wa uboho, yaani tundu la katikati ya mfupa: unapopanuka hula mistari ya kwanza, na mzee akaonekana kijana. Dawa yake ni kupima mistari ya muundi wa mtoto na kuipachika pale palipoliwa. Hapo ndipo tabaka lenye rika zote linapolipa gharama yake.

SWALI: Watoto wakiwa wachache tabakani, ina maana waliishi mbali na kundi?

JIBU: Usiharakishe. Mifupa midogo husombwa na maji, huvunjwa kwa kukanyagwa, humezwa na wala nyama. Hata hesabu ya wanyama ina mtego wake, kwa kuwa mifupa imetawanyika: chagua mfupa mmoja wa upande mmoja. Miundi ya kulia 12 ni wanyama wasiopungua 12, hata kama mbavu ni mamia.