Saint Swithin yako inataka mwanga, si mbolea

Pole, ndugu. Unasema okidi yako ya Saint Swithin, chotara ya okidi za kiatu (ua lake lina umbo la kiatu), iko kwenye dirisha la jikoni: miaka minne majani yananawiri, wala ua hata moja! Mimi nalaumu hilo dirisha la jikoni lenye kivuli. Okidi za kiatu zenye ua moja huvumilia kivuli. Hizi za maua kadhaa kwenye bua moja hazitaki. Mzazi mmoja wa Saint Swithin ni rothschildianum, okidi ya kiatu ya porini wa mlima Kinabalu, Borneo, na huyo ni mzito mno kuchanua.

Usogeze mmea kwenye dirisha la mashariki, taratibu, kwa wiki mbili hivi. Majani yakiwa na kijani kilichokolea sana, ni dalili ya mwanga haba. Kikififia kidogo, uko sawa. Yakiwa manjano, umezidisha. Usiuache ukauke kabisa, maana hauna kiazi cha kuhifadhi maji.

Na tafadhali usiugawe! Mimi niligawa wangu kwa tamaa, nikabaki na vipande vitatu vilivyoninunia miaka mitano. Kila chipukizi huchanua mara moja tu, kwa hiyo unataka kichaka chenye machipukizi mengi.

Ukiona madoa ya majimaji yanayonuka kwenye majani, utenge na mingine, umwone mtaalamu wa mimea siku hiyohiyo. Uozo wa bakteria haungoji.