Wasomaji Wanauliza: Kuna faida gani kurekodi vile tunavyorekodi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Sisi ni vijana wa Busia, tunatengeneza filamu ya mizuka, ya kutisha lakini yenye vichekesho, kamera yetu ni simu tu. Dada mmoja kwenye kundi anataka achukue simu ya pili atupige tukiwa kazini, yaani ya nyuma ya pazia, wengine wanasema ni kumaliza chaji na memori bure. We unaonaje? Na kuna za namna hiyo tunaweza kujifunzia?
Msomaji, Busia

JIBU: Ndugu yangu, huyo dada mwacheni arekodi, tena mpeni simu yenye chaji. Filamu yenyewe ukiitazama unaona mzuka umetokea, unaogopa unacheka basi, lakini ule ujanja wa kuutoa mzuka bila pesa hauonekani kabisa, anao yule aliyesimama pembeni na kamera nyingine. Ndo maana saa nyingine mi nazipenda hizi kuliko hata filamu zenyewe.

Anzeni na filamu ya Bad Taste ya Peter Jackson wa New Zealand, yule yule aliyekuja kufanya The Lord of the Rings. Alianza 1983 na rafiki zake, wanarekodi wikendi kwa sababu wiki nzima wako kazini, mpaka 1987 ndo wanamaliza. Kuna dokumentari fupi ya 1988 inaitwa Good Taste Made Bad Taste, itafuteni. Vinyago vya viumbe vya kutoka anga za mbali vilivyomo kwenye hiyo filamu Jackson alikuwa anavioka kwenye oveni ya mamake, jikoni kwao! Halafu kuna mahali watu wawili wanapigana kwenye jabali kando ya bahari, wote wawili ni Jackson mwenyewe, mmoja ana ndevu mwingine hana, hivo ilibidi arekodiwe upande mmoja kwanza, ndevu zikiisha ndo arekodiwe upande wa pili, halafu vinaunganishwa. Hiyo hata kwa simu mnaiweza.

Wajapani wana One Cut of the Dead ya 2017, ya Shinichiro Ueda, pesa yake kama yen milioni 3 tu, na dakika 37 za kwanza kamera haikatwi. Siwaharibii utamu, ila msizime majina yakianza kupita, pale ndo wanaonyeshwa mafundi wenyewe wakikimbia na kamera.

Na hapa kwetu tunaye mtengeneza filamu Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala. Yeye ni wa mapigano zaidi kuliko mizuka lakini shida ni zile zile. Tazameni dokumentari ya Once Upon a Time in Uganda ya 2021 muone watu wanavyofanya kazi kwa vitu vya kuungaunga, bunduki za vyuma chakavu, kondomu zinajazwa rangi nyekundu ili zikipasuka ionekane mtu kapigwa risasi. Lakini kuna jambo linaniuma sana, ile Who Killed Captain Alex? ya 2010 toleo la mwanzo lisilo na sauti ya VJ, yule msimulizi anayeongea juu ya filamu, limepotea, hatutaliona tena. Kwa hiyo wanaolia memori waambieni wanunue flashi, nakala ziwe mbili, moja ilale nyumba nyingine.

Huyo dada asirekodi mkicheka tu. Apige mvua ikiwakatiza, mkibishana nani alipie chakula, meki-ap ikiyeyuka na jua. Na asogee karibu na anayeongea, maana boda zikipita sauti ya mbali haisikiki hata neno.

SWALI: Damu ya filamu, ya ng'ombe si inafaa tu?
Msomaji, Arua

JIBU: Hapana, tafadhali. Inaoza haraka, inanuka, na inaweza kuwaletea magonjwa hasa ikiingia mdomoni. Chemsha sukari na maji mpaka iwe nzito, ikipoa tia rangi nyekundu ya chakula na kokoa kidogo isiwe nyekundu ya soda. Hata The Evil Dead ya 1981 walitumia sharubati nzito ya mahindi na rangi. Jaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu, maana hiyo rangi ikishika shati la mtu haitoki.