Maumivu Niliyoyaona Nisiyatambue

Mliwauliza wasomaji: ukipewa uwezo, ungebadilisha nini kwanza katika kazi unayoifanya au kuisomea? Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, hapa Nairobi. Ningeanza na wanaoingia darasani kwetu.

Mwaka jana tulikuwa wanafunzi 3 wodini usiku, akaletwa kijana amejikunja kwa maumivu ya mgongo na mifupa ya miguu. Aliomba mofini, dawa kali ya maumivu, tena kwa jina. Daktari wa zamu, aliyekuwa kazini tangu asubuhi, akatunong'onezea kwamba vijana wa namna hiyo hutafuta dawa za kulewea. Kijana akapewa panadol, akaambiwa angoje. Nami niliamini, na bado linanichoma. Nimekulia Nyeri, na kwetu sikuwahi kumwona mtu akiumwa vile.

Mwenzetu mmoja ni wa Siaya. Alimsogelea, akamtazama machoni, akaona weupe wa macho umeingia manjano. Akamwuliza maswali mawili matatu kwa Dholuo. Kijana alikuwa na selimundu. Alikuwa na wiki 2 tu Nairobi, amekuja kutafuta kibarua, na kadi yake ya kliniki ilibaki nyumbani kwa shangazi. Mofini aliijua kwa sababu ndiyo aliyokuwa akipewa hospitali ya kwao kila maumivu yalipomzidi. Alitundikiwa dripu, akapata dawa aliyoihitaji, na alfajiri akalala.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, na pale damu isipofika ndipo panapouma. Aliyerithi jeni moja tu kwa kawaida haugui, na hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu selimundu imeenea kando ya Ziwa Victoria, kama Siaya, na Pwani, kwenye malaria nyingi, kuliko nyanda za juu kama kwetu. Haya yote niliyasoma, tena nikayajibu vizuri kwenye mtihani. Mwenzangu alisoma kurasa zilezile, ila yeye pia alimzika binamu yake.

Kwa hiyo nikisikia watu wakisema uanuwai, yaani kuwa na watu wa asili mbalimbali, katika udaktari ni habari ya kugawana nafasi kikabila, nafikiria kitanda kile. Wagonjwa wa Nairobi hutoka Mandera, Kilifi, Busia na Lodwar. Darasa lililojaa watu wa pande mbili tatu za nchi litakosea, hata likiwa na wenye bidii kiasi gani.

Wala vitabu havitusaidii sana. Picha nyingi za upele nilizojifunzia ni za ngozi nyeupe, ambako wekundu huonekana mara moja. Kwenye ngozi kama yangu huweza kuonekana kama zambarau, au kama weusi uliozidi kidogo. Hata kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kina kasoro. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulifichika kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Tunakitumia kila siku.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Naiamini ibara hiyo kwa dhati. Lakini mtoto wa shule isiyo na maabara atapataje alama za kuingia udaktari, na akiingia, nani atamlipia karo ya miaka 6?

Wenye uwezo wa kuamua hayo si mimi. Ninachoweza ni hiki: kila Jumamosi, mimi na yule mwenzangu wa Siaya tunafundisha baiolojia na kemia kwa wanafunzi 11 wa kidato cha nne huko Mukuru. Mmoja ni binti ambaye nyumbani huzungumza Kiborana, na anataka kuwa daktari wa watoto. Wiki iliyopita waliona chembe za damu kwa mara ya kwanza, wakipokezana. Darubini yenyewe ni ya kuazima. Jumatatu asubuhi lazima iwe imerudi.