Mkono umevunjika kwa kuteleza tu, ni hizi dawa?

SWALI: Habari dokta, nina miaka 52, natumia ARV mwaka wa 14 sasa na hedhi ilishakata. Mwezi uliopita nimeteleza bafuni, nimebeba kindoo kidogo tu, nikaangukia kiganja, kifundo kikavunjika mpaka leo nina hogo. Shoga yangu anasema ni dawa zinakula mifupa, niache?

JIBU: Pole sana mama, na usiache hata siku moja! Shoga yako kagusa ukweli nusu. Tenofovir ya aina ya TDF, moja ya hizo ARV, ambayo imo kwenye kile kidonge kimoja cha siku, hupunguza uzito wa mfupa kidogo hasa mwaka wa kwanza na wa pili, ila virusi vyenyewe navyo vinaumiza mifupa, halafu hedhi ikikata homoni inashuka ndo mambo yanazidi. Sasa mtu akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake tu, hapo sisi tunashtuka.

Kliniki mwambie daktari ulivyovunjika, omba kipimo cha DEXA, cha kupima uzito wa mfupa, unalala tu kitandani mashine inapita juu, hakiumi. Majibu yakiwa -2.5 au chini zaidi mfupa umedhoofika. Mashine hizi ni chache, ukikosa kuna fomu ya FRAX ya kukadiria hatari ya kuvunjika mfupa, wanauliza umri, uzito, sigara, kama mzazi alivunjika nyonga. Figo nazo wakuangalie, kuna tenofovir nyingine, TAF, haisumbui sana mifupa, ila kubadilisha ni uamuzi wa daktari sio wa shoga. Dagaa kula na mifupa yake.