Mwanangu ana bronkasi ya trakea pia

Mama uliyeuliza kuhusu ripoti ya CT (picha ya eksirei ya ndani ya mwili) ya mwanao iliyoandikwa "bronkasi ya trakea", pole kwa hofu. Karatasi kama hiyo niliishika miaka minane iliyopita, na usingizi sikuupata usiku ule.

Kwa kawaida trakea, yaani bomba kuu la hewa, hushuka hadi kwenye njia panda, ndipo igawanyike kwenda mapafu mawili. Tawi la hewa, yaani bronkasi, la sehemu ya juu ya pafu la kulia huchomoza baada ya hapo. Kwa watoto wetu limewahi: limechomoza ubavuni mwa trakea yenyewe, mara nyingi ndani ya sentimita 2 juu ya njia panda. Daktari alinionyesha video ya kamera. Bomba la rangi ya waridi, pete baada ya pete, halafu upande wa kulia kitundu chembamba, na makohozi mazito yamekaa mdomoni mwake.

Daktari Mholanzi, Sandifort, alilieleza umbo hili mwaka 1785. Wengine huliita bronkasi ya nguruwe, kwa sababu nguruwe ndivyo walivyoumbwa, na ng'ombe, mbuzi na kondoo vilevile. Jina hilo liliniuma sana. Lakini si ugonjwa. Hupatikana kwa takriban 0.1% hadi 2% ya watu, na wengi huzeeka bila kujua.

Muulize daktari: tawi hili limechukua nafasi ya lile la kawaida, au ni la ziada? Na mdomo wake ni mpana au mwembamba? Wa mwanangu ni mwembamba, makohozi yakawa yanatuama. Alipata nimonia mara tatu ndani ya mwaka mmoja, zote juu kulia. Hapo "palepale kila mara" ndipo daktari aliposhtuka akaagiza CT. Tulifundishwa mazoezi ya kutoa makohozi, na upasuaji haukuhitajika.

Ninalokusihi zaidi ni hili: mwanao akienda kupasuliwa chochote, mwambie daktari wa usingizi. Mpira wa kupumulia ukishuka kidogo tu unaweza kuziba kitundu hicho, sehemu ya juu ya pafu ikakosa hewa na kusinyaa. Mwanangu alipotolewa mafindofindo, faili lake halikuwa na neno hata moja juu ya jambo hili, na fomu niliyojaza iliuliza mzio na dawa tu. Nilitoa picha ya CT mkobani. Daktari aliiinua kwenye mwanga, akapima kwa kidole umbali kutoka njia panda, kisha akaniomba abaki nayo hadi mtoto aamke.