Jibu: Mke asiyelalamika katika riwaya

Salaam, dada. Umeuliza utaonyeshaje kwamba mke katika riwaya amepoteza utambulisho wake, ilhali hakuna ukurasa anapolalamika. Anza na jina. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu hapa Mombasa, nilipiga mstari kwa kalamu nyekundu kila mahali mhusika mke alipotajwa, nikaona kwamba baada ya harusi jina lake lilitoweka, akawa mke wa fulani, kisha mama fulani. Katika riwaya ya Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys (1966), mume humwita mkewe Antoinette kwa jina la Bertha, naye humjibu kwamba hilo si jina lake.

Kisha tazama vitenzi, kwani Kiswahili chenyewe kinakusaidia: mume huoa, mke huolewa. Hesabu ni mara ngapi anatenda na ni mara ngapi anatendewa. Usipuuze matukio ya jikoni, ingawa msimamizi wangu aliyaona madogo. Njia ya kufuatilia jina hunishinda pale mke mwenyewe anaposimulia, maana "mimi" huficha jina. Hapo mimi husoma kile anachokinyamazia wageni wanapomuuliza habari za nyumbani.