Macho makavu ya fundi cherehani wa Mafinga

Dada, pole. Umesema macho yanakereketa kama yameingia mchanga, jioni yanatiririka, na unauliza kama karoti zitatosha. Karoti ni nzuri, ila sidhani kama kiini ni chakula. Ni upepo wa Juni na Julai, jiko la mkaa unaloliweka miguuni, na sindano unayoikodolea bila kupepesa. Hayo machozi ni jicho linajitetea kwa sababu limekauka.

Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, jaribu kwanza mgongoni mwa kiganja, kisha ufumbe macho na kukiweka kwenye kope dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Hulainisha mafuta ya kope yaliyoganda, machozi yasikauke upesi. Jiko litoe nje. Kila ukimaliza mshono, fumba na kufumbua taratibu.

Usipa, wale samaki wadogo wa Kyela, kula tu, na ugali ni mtamu. Lakini vidonge vya mafuta ya samaki usivikimbilie: utafiti mkubwa wa Marekani wa 2018 haukuona vikituliza macho makavu kuliko vidonge vya mafuta ya zeituni vilivyotumika kulinganishia.

Na maziwa au asali usitie jichoni, hata bibi akisisitiza. Ukiona ukungu, au mwanga ukikuchoma, nenda kliniki ya macho.